IST: spika za milangoni zinatoa sauti dhaifu, besi hakuna kabisa, na nimeshabadilisha redio na spika. Tatizo liko wapi?

kijana_wa_tabata

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada wenu maana hili jambo limenichosha na hela imeshatoka ya kutosha.

Nina Toyota IST ya 2004, ile ya zamani. Ilikuja na redio yake ya Kijapani, mnaijua ile ambayo FM inaanzia 76 inaishia 90 kwahiyo hapa Dar unakamata stesheni mbili tatu za chini halafu basi. Nikaitoa nikaweka redio ya Android ya inchi 7. Fundi alifunga kwa nusu saa, sauti ikatoka, nikamlipa akaenda zake. Siku hiyo nilikuwa na haraka sikusikiliza vizuri. Baadae ndo nikaanza kuona muziki umekuwa mwepesi sana, sauti ya mwimbaji unaisikia lakini ngoma na besi vimepotea, kama vile unasikiliza simu iliyotumbukizwa kwenye kikombe.

Nikasema labda spika za mlangoni zimechoka, ni zile za karatasi zilizokuja na gari, miaka 20 si mchezo. Nikaenda Kariakoo nikanunua mpya inchi 6 na nusu, boksi limeandikwa wati 500, sumaku kubwa nzito kabisa. Fundi mwingine akafunga. Wakuu, sauti ikawa ndogo KULIKO ile ya mwanzo. Sasa hivi redio inaishia 40, mi naendesha kwenye 30 ndo nasikia vizuri, nikifika 35 inaanza kukwaruza.

Fundi ananiambia hapo dawa ni amplifaya na sabufa, amenipigia hesabu inazidi laki 4. Kabla sijaitoa nimeona niulize kwanza. Kuna mtu amepitia hili?

baba_junior

Mkuu redio hazina nguvu ya kusukuma spika za wati 500. Nunua amplifaya ya chaneli nne maliza kazi. Mi nimefunga na nafurahia.

fundi_waya_arusha

@kijana_wa_tabata usitoe hata mia kwanza. Nafanya hii kazi ya umeme wa magari na miziki, na maelezo yako yana kitu kimoja ambacho kimenigusa moja kwa moja: spika zile zile za zamani zilikuwa zinapiga vizuri na redio ya Kijapani, redio ikabadilishwa, besi ikaondoka SIKU HIYO HIYO. Spika haziwezi kuchoka zote mbili siku moja saa moja. Kilichobadilika siku ile ni redio na waya, kwahiyo anza hapo.

Fanya hivi usiku huu, hauhitaji kufungua kitu. Zima ikwalaiza yote iwe bapa, zima na zile sauti za "ukumbini" ambazo redio za Android zinakuja zimewashwa. Weka wimbo wenye besi nzito, simu iwe imepandishwa sauti mpaka mwisho kama unatumia Bluetooth, watu wengi simu iko nusu halafu wanailaumu redio. Ingia kwenye balansi na feda. Peleka feda mbele yote ili milango ya nyuma inyamaze. Sasa sikiliza besi ikiwa balansi katikati, kisha ipeleke kushoto yote, kisha kulia yote. Niambie besi ni kubwa lini: katikati, au ukiwa upande mmoja tu?

kijana_wa_tabata

Aisee nimetoka garini sasa hivi nimekuja kuandika mbio. Balansi ikiwa katikati besi hakuna. Nikiipeleka kushoto yote besi INARUDI, nikiipeleka kulia yote besi inarudi pia!! Yani spika moja ina besi kuliko spika mbili. Nimerudia mara nne nikidhani nasikia vibaya, nikamwita na mdogo wangu akasikiliza akasema hivyo hivyo.

Inawezekanaje?

fundi_waya_arusha

Hapo ndo penyewe. Mlango mmoja umefungwa chanya na hasi zimegeuzwa. Spika ya kushoto ikisukuma karatasi yake kwenda nje, ya kulia inavuta kwenda ndani. Hewa ambayo hii inaisukuma ile inaivuta, mnabaki na sifuri. Hii inaumiza besi zaidi kwa sababu wimbi la besi ni refu, la hezi 80 lina urefu wa mita 4 na kidogo, IST yenyewe nzima haifiki mita 4. Kwahiyo ndani ya gari yale mawimbi mawili yanakutana yakiwa yamepingana karibu kabisa na yanafutana. Sauti za juu mawimbi yake ni mafupi, hayafutani kwa mpangilio, ndo maana mwimbaji unamsikia ila unashindwa kujua amesimama upande gani, sauti yake inakuwa kama imetanda nje ya gari. Nawe utakuwa umeona hilo.

Mafundi wengi hili hawalijui au wanalijua wanapuuza kwa sababu ukiwasha "inalia". Wanakata soketi ya gari, wanasokota waya kwa waya na kupiga tepu, sauti ikitoka kazi imeisha. Mi linaniuma sana maana mteja anaenda kununua spika, anaenda kununua amplifaya, na kosa ni waya mbili za kubadilishana dakika tano.

Jinsi ya kuhakikisha: tafuta betri ya rimoti, ya voliti 1.5, na vipande viwili vya waya. Vuta redio nje, CHOMOA soketi yake kabisa, hii ni lazima, usipeleke umeme wa betri kwenye redio. Sasa gusa waya za spika ya mbele kushoto kwenye ile soketi ya gari, chanya ya betri kwenye chanya ya spika. Unagusa na kuachia, usishikilie. Spika itapiga "tap" na mtu aliyekaa mlangoni, kava la spika likiwa limetolewa, aangalie karatasi: imetoka nje au imeingia ndani? Ikitoka nje uko sawa. Fanya milango yote minne. Uzuri wa kupimia kule kwenye redio na sio mlangoni ni kwamba unapima waya yote ya njiani pamoja na spika kwa mkupuo mmoja. Twita (zile spika ndogo za sauti za juu) usizipime hivi, zina kapasita, hutaona kitu.

Rangi za Toyota nyingi za zama hizo, soketi kubwa ya pini 10: mbele kulia ni kijani hafifu chanya na bluu hasi, mbele kushoto ni pinki chanya na zambarau hasi. Soketi ndogo ya pini 6: nyuma kulia nyekundu chanya na nyeupe hasi, nyuma kushoto nyeusi chanya na njano hasi. Hapo ndipo watu wanapotea, maana kwenye waya za redio mpya nyeusi ni athi (ile inayofungwa kwenye bati la gari) na njano ni umeme wa betri wa moja kwa moja, lakini kwenye soketi ndogo ya Toyota nyeusi na njano ni spika! Redio mpya yenyewe: nyeupe mbele kushoto, kijivu mbele kulia, kijani nyuma kushoto, zambarau nyuma kulia, na ile yenye mstari mweusi ndo hasi. Ona zambarau inavyochanganya, upande mmoja ni hasi ya mbele kushoto, upande mwingine ni chanya ya nyuma kulia. Usiamini rangi peke yake, amini betri.

mzee_wa_likoni

Assalam aleykum vijana. Fundi amesema kweli, ila mimi naongeza la sisi wa pwani. Ukishafungua huo mlango angalia ile nailoni iliyobandikwa nyuma ya kava. Mlango wa gari hupita maji ndani, mvua yaingia pale kwenye kioo na kutokea matundu ya chini, ndivyo ulivyoundwa. Ile nailoni ndiyo yazuia maji yasije ndani ya gari na kwenye spika. Fundi wa vioo akija kutengeneza mota ya kioo aipasua na kuitupa, hajali. Basi spika ya karatasi yanywa maji, yaoza, na sumaku yala kutu. Hapa Likoni na hewa hii ya chumvi nimeona vichwa vya waya vya spika vimekuwa kijani kabisa, ukipima kwa mita vyasoma omu kumi na zaidi badala ya tatu na nusu. Nikavikata, nikalehemu waya mpya kwa risasi, sauti ikarudi bila kununua spika.

kijana_wa_tabata

Shikamoo mzee wangu, asante sana. Jumamosi nafungua kila kitu nitaleta majibu. Mita ninayo ya kuazima.

mkongo_wa_sinza

Samahani fundi, swali la kando. Kwanini spika za wati 500 zilitoa sauti ndogo kuliko za zamani wakati waya ni zile zile zilizogeuzwa? Yani kosa lilikuwepo kabla na baada, si ndio? Basi mpya zingekuwa angalau sawa.

fundi_waya_arusha

Swali zuri sana hili na nashukuru umeliuliza.

Wati iliyoandikwa kwenye boksi la spika haisemi spika itapiga kwa nguvu kiasi gani. Inasema inaweza kuvumilia kiasi gani kabla haijaungua, na hata hapo mara nyingi ni namba ya kilele ya sekunde moja, sio ya kuendelea. Kinachosema sauti ni wepesi wa spika, kwenye karatasi yake ya maelezo huandikwa desibeli kwa wati 1 kwa mita 1. Spika nyepesi za karatasi zilizokuja na gari zimetengenezwa kwa redio ndogo, koni nyepesi, inarushwa na umeme kidogo. Spika kubwa nzito iliyotengenezewa amplifaya ina koni nzito na mpira mgumu wa pembeni, inataka kusukumwa haswa.

Sasa hesabu: kila desibeli 3 unazopoteza zinadai nguvu mara mbili. Spika ya desibeli 90 na spika ya desibeli 84, tofauti ni 6, maana yake hiyo ya pili inataka wati mara nne ili zifanane. Na redio yako haina hizo wati. Imeandikwa 50 mara 4 usoni, lakini voliti za gari ni 14 na kitu injini ikiwaka, spika ni omu 4, ukipiga hesabu hata redio ingekuwa haipotezi chochote inafika kama wati 25 kwa chaneli kabla mawimbi hayajaanza kukatwa vichwa. Uhalisia ni 15 mpaka 20. Ile 35 unayosikia inakwaruza ni redio imefika mwisho wa pumzi, mawimbi yanakatwa, na ukiendelea hivyo twita ndo zinaungua kwanza.

Kwahiyo @baba_junior yuko sahihi nusu, hizo spika ziko tayari kwa amplifaya. Ila amplifaya juu ya waya zilizogeuzwa itakupa ukosefu wa besi ule ule kwa sauti kubwa zaidi.

baba_junior

Nimeelewa fundi. Mi nilifungiwa kila kitu kwa pamoja na amplifaya labda ndo maana sikuwahi kuona tatizo. Ngoja na mi nikajaribu hiyo balansi leo.

probox_ya_thika_road

Niko Nairobi, nilikuwa na shida kama hii lakini yangu ilikuwa inakuja na kwenda. Mlango wa dereva ukiufunga kwa nguvu sauti inapotea, ukigonga shimo barabarani inarudi. Nilizunguka Kirinyaga Road nikauziwa spika mbili. Mwishowe kijana mmoja akavuta ule mpira ulio katikati ya mlango na bodi, mahali waya zinapita, akakuta waya ya spika imekatika ndani, imebaki kushikwa na ganda tu. Mlango wa dereva unafunguliwa mara nyingi kila siku, waya zinakunjwa pale pale kila siku, shaba inachoka. Kama spika inakatika ukisogeza mlango angalia hapo kwanza kabla ya kila kitu. Alivuta waya mpya ndefu kidogo ili iwe na nafasi ya kukunjika, mpaka leo iko sawa.

kijana_wa_tabata

Nimerudi wakuu. Nilianza saa mbili asubuhi nimemaliza saa kumi, naandika yote maana naona kuna wengine wanafuatilia.

Kwanza redio. Nimeivuta nje, nilichokikuta nyuma kimenisikitisha. Soketi ya gari imekatwa yote, waya zimesokotwa kwa mkono na kupigwa tepu, tepu yenyewe kwa joto la Dar gundi imeyeyuka inanata kila mahali, waya mbili zilikuwa zimebaki wazi zinakaribia kugusana. Nimefanya ile ya betri na mdogo wangu akiwa mlangoni. Mbele kushoto, karatasi imetoka nje. Mbele kulia IMEINGIA NDANI. Nyuma kulia imetoka nje. Nyuma kushoto kimya kabisa, haikupiga hata kidogo.

Nikageuza waya za mbele kulia, kijani hafifu na bluu. Nikapiga risasi zote moja moja na kuweka yale mabomba ya plastiki yanayosinyaa kwa moto, sitaki kuona tepu tena. Nikarudisha redio, nikaweka wimbo ule ule.

Wakuu. Besi ilirudi. Sio kidogo. Nilikaa pale kwenye kiti nikaurudia wimbo mara tatu, mdogo wangu anacheka tu. Mwimbaji amerudi katikati ya dashibodi anapotakiwa kuwa. Nilikuwa nimekaa mwezi wa nne sasa nasikiliza vile na ningetoa laki 4.

Ila kuna mambo mawili. La kwanza ikifika 28 kava la mlango wa kulia linatetema "trrrr". La pili kwa 25 bado sauti sio kubwa kama nilivyokuwa na redio ya Kijapani.

Nikafungua kava la mlango wa kulia. Spika imeshikwa na skrubu MBILI tu kati ya nne, na kwa chini kuna uwazi naweza kupitisha kidole. Nailoni haipo kabisa, mzee wa Likoni alisema kweli tupu. Chini ya mlango kuna matope makavu na majani, matundu ya kutolea maji yameziba. Hii masika maji yalikuwa yanakaa humo.

fundi_waya_arusha

Hongera sana ndugu yangu, umefanya kazi nzuri na umefanya kwa mikono yako.

Huo uwazi ni tatizo kubwa kama la waya. Spika inapiga mbele na inapiga nyuma kwa wakati mmoja, na mawimbi ya nyuma ni kinyume cha ya mbele. Kikiwepo kitundu kati ya spika na bati, besi ya nyuma inazunguka inakuja kuifuta ya mbele, ni kile kile cha milango miwili ila sasa kinatokea ndani ya mlango mmoja. Jaribu kushika spika mkononi hewani ikiwa inapiga, utaona haina besi kabisa, halafu ibane kwenye tundu la kadibodi ngumu usikie tofauti. Mlango ndo boksi la spika. Sabufa ya nyumbani isingepiga bila boksi, na ya mlangoni hivyo hivyo.

Cha kufanya:

Tengeneza ringi ya kukalia spika. Usitumie plaiwudi au MDF tupu kwa mlango, ikinywa maji inavimba na kuachia skrubu. Mimi natumia ule ubao wa plastiki mweupe wa kukatia nyama jikoni, nene milimita 12 hivi, unakatika vizuri na msumeno wa mkono na haunywi maji kabisa. Kabla hujakata shusha kioo mpaka chini na upime kama sumaku haitagusana nacho, sumaku yako ni kubwa usije ukavunja kioo. Kati ya ringi na bati weka sponji au mpira mwembamba, skrubu zote nne.

Yale matundu makubwa ya bati la ndani la mlango yazibe. Zipo shiti za butili zenye foili ya alumini, zinabandikwa na kusuguliwa kwa rola au mgongo wa kijiko. Sipendi zile za lami kwa magari ya joto, gari likikaa juani Dar saa sita mchana harufu inakuja ndani na zingine zinateleza zinaanguka. Bandika na kipande nyuma ya spika kwenye bati la nje, ukiligonga kwa kidole liseme "tup" badala ya "taang". Hapo na huo mtetemo utaondoka. Kama hela haitoshi, nailoni nzito ya kawaida na gundi nyeusi ya butili inazuia maji, ila besi haisaidii sana.

MATUNDU YA CHINI YA KUTOLEA MAJI USIYAZIBE. Nimeona mtu ameziba kila kitu akasema ameweka vizuri, mwaka uliofuata mlango ulioza kwa chini.

dada_passo

Samahani kaka zangu naingilia uzi. Mimi nina Passo, spika mbili za nyuma zinapiga lakini kwa chini mno, na redio ikichemka inajizima yenyewe kisha inawaka. Fundi aliyefunga aliniambia waya hazikutosha akaunganisha "kwa akili". Sijui aliunganishaje. Nifanyeje maana naogopa isije ikawaka moto.

fundi_waya_arusha

Dada yangu, pole. Kitu ninachokihofia hapo ni hiki: inawezekana hasi za spika amezipeleka kwenye bodi ya gari. Magari na redio za zamani sana ilikuwa sawa. Redio za sasa HAPANA. Waya zote mbili za spika zinatoka kwenye redio zikiwa na umeme wake, chanya na hasi zote zina kama voliti 6 ukipima na bodi. Ukiipeleka hasi kwenye bodi unaibana chipu ya redio, inachemka, inajikinga kwa kuzima, na siku moja haiwaki tena.

Au ameziunganisha spika mbili kwenye chaneli moja kwa mfululizo, waya inatoka hii inaingia ile, hapo omu zinakuwa 8, nguvu inashuka nusu, na zinagawana hiyo nusu, ndo maana sauti ndogo. Lakini hiyo peke yake haichemshi redio, kwahiyo mi nashuku ya kwanza.

Usiitumie mpaka ipimwe. Chomoa soketi ya redio, weka mita kwenye omu, pima kila waya ya spika na bati la bodi. Isisome kitu. Ikisoma omu 3 au 4, imeunganishwa na bodi. Kisha pima spika yenyewe kwa waya zake mbili: spika nzima ya omu 4 inasoma 3.2 mpaka 3.8 hivi. Isiposoma kabisa koili imekatika au waya imekatika njiani. Ikisoma 1 imeungua ndani.

dada_passo

Asante sana kaka. Kaka yangu mkubwa ana mita, nimemtumia maelezo yako yote. Nimeshachomoa fyuzi ya redio.

mkongo_wa_sinza

Mi nimeangalia kwenye redio yangu nikakuta kitu kinaitwa HPF kimewekwa 120. Nimekizima kabisa besi imeongezeka sana. Ni sawa au naua spika?

fundi_waya_arusha

HPF inakata sauti zote chini ya hiyo namba. 120 inafaa kama una sabufa ya kubeba besi, kama huna umejinyima mwenyewe. Lakini usiizime kabisa kwa spika za mlangoni ukipenda kupandisha sauti, weka 60 au 80. Zile za chini sana spika ndogo haiwezi, inajirusha tu bila sauti ya maana na inakula nguvu ya redio.

Na waangalie pia twita, kuna mafundi wanachukua ile waya yenye kapasita ndogo ya twita wanaifunga kwenye spika ya mlango kwa makosa. Kapasita ya maikrofaradi 4.7 kwenye spika ya omu 4 inapitisha sauti za juu ya hezi 8,000 tu. Ukikuta mlango unatoa "tsss tsss" peke yake, fuata waya utaikuta.

baba_junior

Nimejaribu balansi. Zangu za mbele ziko sawa, ila nilipochanganya mbele na nyuma kwa feda besi inashuka, feda ikiwa mbele yote inapanda. Milango yote miwili ya nyuma imegeuzwa. Nimekaa nayo miaka miwili. Nimegeuza kwenye amplifaya yenyewe dakika mbili tu, ni gari jingine kabisa.

kijana_wa_tabata

Wakuu majibu ya mwisho kwa sasa.

Nyuma kushoto iliyokuwa kimya, ndugu wa Probox ulinisaidia, nilivuta ule mpira waya hazijakatika lakini zilikuwa zimechomoka kwenye soketi ya mlango, pini imerudi nyuma. Nimeisukuma imekaa, spika inapiga.

Mbele nimekata ringi mbili kwenye ubao wa nyama (mama ameulizia ubao wake, nimemnunulia mwingine). Nimeziba matundu ya bati kwa butili, shiti nne kila mlango, nimesafisha matundu ya maji kwa waya wa hanga, nimemwagia maji juu ya kioo nikaona yanatoka chini vizuri. Kava nimelibana na klipu mpya saba maana za zamani zilikuwa zimevunjika, na hizo klipu ndo zilikuwa zinafanya ule mtetemo.

Athi ya redio nayo nilipima kama nilivyoelekezwa pembeni, mita kwenye voliti, ncha moja kwenye waya mweusi wa redio na nyingine kwenye bati, muziki ukiwa juu. Ilikuwa inasoma 0.9. Nimeisogeza kwenye boliti nyingine nikakwangua rangi, sasa inasoma 0.05. Kule kukwaruza kwenye 35 kumehamia 38.

Halafu nikafanya jaribio moja. Zile spika za zamani za karatasi nilikuwa bado nazo stoo, moja imechanika pembeni ila ya pili nzima. Nikaifunga ya karatasi kushoto, ya wati 500 kulia, volumu ile ile. Ya karatasi ina sauti kubwa zaidi, unaisikia wazi. Ya wati 500 ina besi safi zaidi ila iko chini. Kama fundi alivyosema.

Kwahiyo nimeamua hizi mpya zibaki, sasa naendesha kwenye 22 na inatosha kabisa foleni ya Mandela. Amplifaya nitaiwaza mwakani kama nitakuwa na hela, ya chaneli nne ndogo ya kusukuma hizi hizi, bila sabufa. Fundi, waya ya kutoka betri niweke unene gani na fyuzi ikae wapi?

fundi_waya_arusha

Fyuzi ikae karibu na betri, isizidi sentimita 30 kutoka kwenye chanya, maana kazi yake ni kulinda waya isiwashe gari pale inapopita kwenye bati. Unene inategemea amplifaya utakayonunua, usinunue waya kabla ya amplifaya. Angalia fyuzi iliyochomekwa kwenye amplifaya yenyewe, kama ni ampia 30 au 40 waya ya shaba ya milimita za mraba 10 inakutosha kwa IST. Iwe shaba kweli, kwangua kidogo uone, zipo nyingi za alumini zilizopakwa rangi ya shaba. Na athi iwe unene ule ule, fupi, kwenye bati lililokwanguliwa.

Ukiinunua njoo hapa hapa kwenye uzi tuipange pamoja.

dada_passo

Kaka fundi, kaka yangu amepima. Waya mbili za nyuma, zote chanya, zinasoma omu 3.6 na bodi. Hasi zake ameziona zimefungwa pamoja kwenye boliti chini ya dashibodi. Tunazivuta mpya kesho mpaka kwenye redio.

fundi_waya_arusha

Hapo hapo. Zikishafika kwenye redio fanyeni ya betri kabla ya kuchomeka soketi, muone karatasi zinatoka nje zote mbili.